Ramani ya Kahawa Katika Nchi Isiyo na Mto

MCHORA RAMANI: Saudi Arabia ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 2.15, na haina hata mto mmoja utiririkao mwaka mzima. Hata hivyo kahawa ya arabika imelimwa huko kwa karne nyingi, katika milima ya kusini-magharibi inayopita Jazan, Asir na Al-Baha, sambamba na Bahari ya Sham. Swali la kwanza ni la mahali: katika nchi kame kiasi hicho, mbuni unaweza kustawi wapi hasa? Ramani ya ufaafu wa ardhi hulijibu kwa kuweka tabaka za taarifa moja juu ya nyingine: mwinuko, joto, mvua, mteremko, kina cha udongo na tindikali yake. Kila kipande cha ardhi hupewa alama katika kila tabaka, alama hujumlishwa, na jumla hupangwa katika madaraja yaliyopendekezwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 1976: S1 ardhi ifaayo sana, S2 ifaayo kiasi, S3 ifaayo kwa shida, na N isiyofaa. Pasipo na ramani, upanuzi wa kilimo hufuata uvumi na nguvu za mwenye fedha.

MPANGAJI WA UWEKEZAJI: Haja ya ramani hiyo imekua tangu 2022. Mwaka huo serikali iliutangaza kuwa Mwaka wa Kahawa ya Saudia, na Mfuko wa Uwekezaji wa Umma ukaanzisha Kampuni ya Kahawa ya Saudia kwa azma ya kuwekeza karibu riali bilioni 1.2 katika miaka 10 na kuinua uzalishaji kutoka tani 300 hadi tani 2,500 kwa mwaka. Fedha nyingi kiasi hicho haziwezi kupelekwa mlimani kwa kubahatisha. Mbuni huchukua miaka 3 hadi 4 kabla ya kuzaa, kisha huishi miongo kadhaa. Aliyekosea mahali pa kupanda hulijua kosa lake baada ya kumaliza mtaji.

MKULIMA WA MATUTA: Swali la mahali lilijibiwa mlimani zamani, kabla ya setilaiti kurushwa. Matuta ya ngazi ya Faifa na Al-Dayer, katika mkoa wa Jazan, na ya milima jirani yalijengwa kwa mawe, kizazi baada ya kizazi, na kila tuta liliwekwa pale udongo ulipokubali kukaa na maji yalipokubali kufika. Mwaka uleule wa 2022, UNESCO iliuingiza ujuzi wa kulima kahawa ya Khawlani, arabika ya milima hii, katika orodha ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Kilichotambuliwa hapo ni ujuzi wa watu: kuchagua mbegu, kulea miche kitaluni, kupogoa, kuvuna, kutengeneza ukuta ulioporomoka. Ramani inayoanza na mwinuko na kuishia na tindikali hupima mlima kana kwamba haujawahi kuguswa na mkono wa mtu.

MCHORA RAMANI: Ujuzi huo una sababu zinazopimika. Mji wa Jazan, ulio usawa wa bahari, una wastani wa joto wa nyuzi 30 hivi za Selsiasi kwa mwaka. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila mtu apandapo mita 1,000. Kwenye mita 1,000, basi, wastani unakaribia nyuzi 23.5, kwenye mita 1,800 unakaribia 18. Arabika hustawi kati ya nyuzi 18 na 23, na matuta mengi ya kahawa yamo katika ukanda huohuo. Aidha, miteremko inayotazama magharibi hupokea hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Sham, ambayo hupanda, hupoa, na kuwa ukungu na mvua. Waliojenga matuta walikuwa sahihi. Ramani huonyesha kwa nini walikuwa sahihi, na huonyesha pia mahali pengine penye hali kama ile ambapo hapajawahi kupandwa.

MPIMA MAJI: Joto ndilo tabaka jepesi kuliko zote, na hata lenyewe lina kasoro. Kanuni ya nyuzi 6.5 ikitumiwa kwa nyanda za juu zinazozunguka mji wa Abha, mkoani Asir, hutoa joto lililo chini ya lile linalopimwa na vituo vya huko, kwa sababu uwanda mpana ulioinuka hupashwa na jua kwa namna isiyofanana na mteremko. Uzito wa hoja, hata hivyo, uko kwenye mvua. Vitabu vingi vya kilimo huipa arabika milimita 1,200 hadi 1,800 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya milima inayozungumziwa hupata kati ya 300 na 600. Kiwango cha vitabu kikitumika kama kilivyo, milima yote itaangukia daraja la N, pamoja na bustani zinazozaa leo. Kikilegezwa, lazima ielezwe nani amekilegeza, kwa kiasi gani, na kwa ushahidi upi.

MCHORA RAMANI: Hakuna ulazima wa kuazima viwango vya Brazili au Kolombia. Ipo njia ya pili: huchukuliwa mahali zilipo bustani za sasa, na programu hujifunza ni hali zipi za joto, mvua na mteremko zinazopatikana hapo mara kwa mara, kisha hutafuta mahali pengine panapofanana napo. Mibuni ya Khawlani imechaguliwa na wakulima kwa vizazi vingi ikizoea ukame. Kwa hiyo kipimo hutoka kwa mbuni wenyewe na katika mlima wenyewe.

MPIMA MAJI: Njia ya kwanza na ya pili zina udhaifu wa aina moja. Katika njia ya alama, uzito wa kila tabaka hupatikana kwa kulinganisha vigezo viwili viwili, utaratibu uliobuniwa na Thomas Saaty katika miaka ya 1970. Ichukuliwe kwa mfano kwamba joto limepewa uzito wa 30 katika 100, maji 30, udongo 20 na mteremko 20. Kipande chenye joto, udongo na mteremko mzuri, lakini kisicho na tone la maji, kitapata alama 70, na kinaweza kuitwa S2. Katika hesabu upungufu wa maji umefidiwa na wema wa udongo, shambani haufidiwi. Katika njia ya pili, programu hupewa mvua ya bustani zilizopo na kuhitimisha kwamba milimita 400 zinatosha, ilhali bustani hizo hazinyweshwi na milimita 400 peke yake.

MKULIMA WA MATUTA: Hapo ndipo penye kiini cha suala. Tuta halinywi mvua iliyolidondokea tu. Linakunywa pia mvua iliyodondoka kwenye mteremko ulio juu yake, ikateremka juu ya mwamba, ikaongozwa kwa mfereji, ikapunguzwa kasi na ukuta wa mawe, ndipo ikazama katika udongo. Mteremko mtupu ulio juu ya shamba ni sehemu ya shamba. Ramani huupaka rangi ya ardhi tupu inayongoja kupandwa.

MPIMA MAJI: Jambo hilo lina hesabu yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Penye mvua ya milimita 400, kila mita ya mraba ya tuta hupata lita 400 kwa mwaka. Ikiwa mbuni unahitaji lita 1,200 kwa eneo hilo, pengo ni lita 800. Ikiwa asilimia 40 ya mvua inayonyesha mlimani huteremka bila kunyonywa, kila mita ya mraba ya mteremko huchangia lita 160. Pengo la lita 800 huzibwa na mita 5 za mraba za mteremko kwa kila mita 1 ya tuta. Uwiano huo hupungua penye ukungu mwingi, kivuli au mibuni inayoridhika na maji machache, na huongezeka penye udongo unaonyonya sana. Kanuni, hata hivyo, haibadiliki: ramani inayoutaja mteremko wote kuwa unafaa kwa kahawa imeyahesabu maji yaleyale mara mbili. Mibuni ikipandwa juu, matuta ya chini yatakauka, nayo ndiyo yaliyoipa programu ushahidi wa kwamba ardhi ile inafaa.

MCHORA RAMANI: Kasoro hiyo ina tiba ndani ya fani yenyewe. Maji yanaweza kuondolewa katika orodha ya vigezo vinavyofidiana na kufanywa kikomo: pasipofikia kiwango, alama za tabaka nyingine hazisomwi kabisa. Mkondo wa maji ya juu ya ardhi unaweza kukadiriwa kutoka kwenye data ya mwinuko, na kila tuta likaunganishwa na eneo linalolilisha maji. Eneo hilo likishatengwa, haliwezi kuhesabiwa tena kama shamba.

MPANGAJI WA UWEKEZAJI: Hata kwa hesabu hiyo kali lengo linafikika. Tani 2,500 zikivunwa kwa kiwango cha tani 1 kwa hekta zinahitaji hekta 2,500, yaani kilomita za mraba 25. Kila kilomita ikitengewa 5 za kukinga maji, jumla ni kilomita 150. Mkoa wa Jazan peke yake una zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Tena mvua si chanzo pekee. Umwagiliaji wa matone hupunguza upotevu, maji taka yaliyosafishwa yapo katika miji ya milimani, na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Nchi yenye uwezo huo haina sababu ya kukilaza kilimo chake kwenye kiwango cha tani 300.

MPIMA MAJI: Kilomita 10,000 za mkoa zinajumuisha tambarare za pwani zenye joto kali na majabali yasiyo na udongo, ukanda wenye joto linalofaa ni sehemu ndogo ya eneo hilo. Maji ya bahari nayo yana gharama inayozidi kadiri mlima unavyopanda. Kuondoa chumvi katika mita 1 ya ujazo kwa mitambo ya kisasa ya kuchuja hutumia takriban kilowati-saa 3 hadi 4. Kuyapandisha maji hayo mita 1,500 kwenda juu huhitaji kilowati-saa 4 kwa sheria ya uzito tu, na zaidi ya 5 ukihesabiwa upotevu wa pampu. Maji hayo hupandishwa hadi miji ya milimani kwa ajili ya kunywa, kwa kuwa uhai hauna bei. Pengo la milimita 800 ni mita za ujazo 8,000 kwa hekta kila mwaka; kwa hekta 2,500 ni milioni 20. Anayetaka kulijaza kwa bahari aandike gharama hiyo pembezoni mwa ramani, karibu na rangi ya kijani.

MPANGAJI WA UWEKEZAJI: Hakuna anayependekeza kulijaza pengo lote kwa bahari. Vyanzo huchanganywa: mvua kwanza, maji yaliyokingwa pili, matone ya visima wakati wa kiangazi. Kilo ya kahawa hii huuzwa kwa bei inayozidi sana ile ya nafaka, hivyo kila tone hurudisha thamani kubwa zaidi.

MPIMA MAJI: Neno «visima» ndilo linalohitaji tahadhari. Katika miaka ya 1980 Saudi Arabia iliamua kujitosheleza kwa ngano. Ilifanikiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Ngano ile ilinyweshwa kwa maji ya kale yaliyohifadhiwa katika miamba kwa maelfu ya miaka, maji ambayo mvua ya leo haiwezi kuyarudisha. Mwaka 2008 serikali iliamua kuipunguza hatua kwa hatua, na kufikia 2016 ununuzi wa ngano ya ndani ulisimamishwa. Ardhi ile nayo ilikuwa na udongo mzuri na jua la kutosha. Ramani ya ufaafu isiyoonyesha umri wa maji ingeipa daraja la juu bila kusita.

MPANGAJI WA UWEKEZAJI: Ngano ilifunika mamia ya maelfu ya hekta; kahawa inaomba 2,500. Ukubwa wa hatari hutokana na ukubwa wa shamba. Kuna hatari nyingine isiyosemwa: kutowekeza. Tangu mapato ya mafuta yalipopanda katika miaka ya 1970, vijana wengi waliteremka mijini, na tuta lisilo na mtu wa kurudishia mawe hubomolewa na mvua chache kubwa. Udongo uliokusanywa kwa karne nyingi huishia bondeni. Fedha ndizo zitakazorudisha watu mlimani.

MKULIMA WA MATUTA: Kuporomoka kwa matuta ni kweli tupu, na ni sababu nyingine ya kuishuku programu inayojifunza kwa bustani zilizopo. Tuta lililokufa kwa kukosa mikono husomwa kama ardhi isiyofaa. Ng'ambo ya mpaka, katika Yemen, kahawa imeiachia mirungi mashamba mengi kwa sababu mirungi huvunwa mara kadhaa kwa mwaka na kulipwa papo hapo, tabianchi haikuiondoa. Ramani haiwezi kutofautisha ardhi iliyoikataa kahawa na mkulima aliyekatishwa tamaa nayo. Fedha zinakaribishwa, lakini daraja la S1 likishachapishwa, bei ya ardhi hiyo hupanda na wanunuzi hufika. Familia yenye tuta katika daraja la N hukosa mkopo na miche, hata kama mibuni yake imezaa miaka yote. Kazi ya mpaka mmoja wa rangi ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

MCHORA RAMANI: Ndiyo maana ramani hukaguliwa kabla ya kutumika. Sehemu ya bustani zinazojulikana hufichwa programu isizione, kisha huangaliwa kama ramani imeziweka katika madaraja ya juu. Ikishindwa, hurudiwa.

MPIMA MAJI: Ukaguzi huo huwa mwepesi bustani zilizofichwa zinapokuwa jirani na zile zilizoonwa. Mashamba mawili ya mteremko mmoja yana joto, mvua na udongo wa namna moja. Kulitambua la pili baada ya kuonyeshwa la kwanza si uthibitisho. Ukaguzi wa haki huficha bonde zima, au mkoa mzima, na kuuliza kama ramani iliyofundishwa Jazan inaweza kuziona bustani za Al-Baha. Kuna pia suala la kipimo. Data nyingi za tabianchi huja kwa vipande vya kilomita 1 kwa 1. Katika mteremko wa nyuzi 30, mwanzo na mwisho wa kilomita hiyo hupishana kwa karibu mita 580 za mwinuko, sawa na takriban nyuzi 3.8 za joto. Ndani ya kipande kimoja mna mbuni unaoungua na mbuni unaostawi, na ramani imeipa yote rangi moja.

MCHORA RAMANI: Data ya mwinuko ya mita 30, iliyopimwa na chombo cha anga mwaka 2000, inapatikana bure, na setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha za mita 10 tangu 2015. Joto linaweza kugawanywa upya kwa kufuata mwinuko huo, na matuta membamba yakapigwa picha kwa droni. Mvua ndiyo inayobaki na vipande vipana, kwa sababu vituo vya kuipima mlimani ni vichache. Tiba ya uaminifu ni kuchapisha ramani ya pili inayoonyesha mahali ramani ya kwanza inapotegemea kipimo na mahali inapotegemea makadirio.

MPIMA MAJI: Mezani pa maamuzi hufika ramani moja, na ni ile yenye rangi za kuvutia. Hata hiyo huchorwa kwa tabianchi ya miongo iliyopita, ilhali mbuni utakaopandwa kesho utaishi miongo ijayo. Joto likipanda kwa nyuzi 1, ukanda ufaao husogea juu kwa takriban mita 150. Juu ya matuta ya Asir kuna misitu ya mitarakwa, mti uleule wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na sehemu ya misitu hiyo tayari inakauka. Matawi yake hunasa ukungu na mizizi yake hushikilia udongo wa miteremko inayolisha matuta. Ramani ya miaka 30 ijayo itausukuma mbuni kuingia msituni humo.

MCHORA RAMANI: Itausukuma ikiwa msitu haukuwekewa mpaka. Tabaka la maeneo yasiyoguswa ni la kawaida katika kazi hii: misitu, vyanzo vya maji na maeneo ya kukinga maji huondolewa kabla ya alama ya kwanza kutolewa. Mlima usio na ramani hukatwa vilevile, na hakuna anayejua kilichokatwa.

MKULIMA WA MATUTA: Tabaka hilo halimo katika setilaiti. Mfereji uliofukiwa, chemchemi inayotoka siku chache baada ya mvua, makubaliano ya nani hupokea maji kwanza na nani hungoja: hayo hujulikana kwa kutembea mlimani na wenye matuta. Tuta, mteremko wake na haki yake ya maji yaandikwe kama kitu kimoja, na kisiuzwe vipande vipande. Matuta yaliyoporomoka yajengwe kwanza kabla ya kuchimbua miteremko mipya.

MPANGAJI WA UWEKEZAJI: Kutembea bonde kwa bonde ni kazi ya miaka, na mradi una miaka 10. Lengo lisilo na tarehe halipati fedha, na matuta hayajengwi bila fedha. Kuanza na matuta yaliyoporomoka kunakubalika. Kungoja kila mfereji uandikwe ndipo mche wa kwanza upandwe hakukubaliki.

MPIMA MAJI: Basi tani 2,500 ziwe ndizo zinazongoja. Kiasi cha kahawa kitokane na maji yaliyopimwa katika kila bonde, baada ya kutenga ya kunywa na ya matuta yaliyopo. Ikitoka tani 2,500, ni heri. Ikitoka 900, hizo ndizo mlima unaweza kuzibeba kila mwaka bila kukopa kwa wasiozaliwa.

MCHORA RAMANI: Data ileile inaweza kuchora ramani mbili. Tani zikitangulia, kikomo cha maji hushushwa hadi hekta zitoshe, na madaraja ya S3 huanza kuitwa S2. Maji yakitangulia, kikomo hukaa mahali pake na hekta huwa zile zitakazobaki. Katika kazi ya namna hii mpangilio huo huamuliwa na anayeagiza ramani, kabla tabaka la kwanza halijawekwa. Kwa hiyo ramani yoyote ya kahawa ya Jazan, Asir au Al-Baha inapaswa kuandikwa wazi, juu yake, kikomo cha maji kilichotumika, chanzo cha maji hayo, na kama kikomo kiliwekwa kabla ya lengo la tani au baada yake.